Nyumba ilipigwa mnada, chenji ni ya nani?

Swali

Wakili, habari za kazi. Mimi ni mjane, nina miaka 61. Mwaka 2016 marehemu mume wangu alikopa benki shilingi milioni 40 za kukuza duka la vifaa vya ujenzi, akaweka rehani nyumba yetu ya Nkuhungu, Dodoma. Mimi nilisaini karatasi ya ridhaa. Biashara ikayumba, na Agosti 2022 nyumba ikapigwa mnada. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikamsikia dalali akigonga nyundo kwa milioni 85. Notisi waliyotuletea kabla ya hapo ilisema tunadaiwa milioni 46 na laki mbili. Mume wangu alifariki Desemba mwaka huohuo, nikarudi kwetu Mvumi na wajukuu. Mwezi uliopita amenifuata kijana mmoja, anasema kuna chenji yangu imelala benki na yeye ana mtu wake mle ndani. Anataka nisaini mkataba tugawane nusu kwa nusu. Anasema mimi nikienda peke yangu benki hawatanisikiliza, na kwamba hata Marekani kazi hii ipo. Majirani wa zamani nao wanasema ile nyumba ilikuwa ya milioni 120. Je, kweli nina hela pale? Nisaini?

Jibu

Shikamoo mama, na pole. Kuondokewa na nyumba na kisha kuondokewa na mzee ndani ya miezi minne si jambo dogo.

Usisaini. Nimeanza na neno hilo kwa sababu kijana huyo atarudi, pengine kabla hujamaliza kusoma jibu hili, na atakuja na haraka. Mwambie unasubiri ushauri. Kama hela ipo, haitapotea kwa sababu ya wiki mbili tatu za kusubiri.

Sasa tuangalie kama ipo. Watu wengi huamini kwamba benki ikishauza nyumba, kila senti iliyopatikana ni ya benki, na aliyeshindwa kulipa deni hana tena cha kuuliza. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema wazi kwamba rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Mume wako hakuiuzia benki nyumba, aliiweka dhamana tu. Benki inapouza, inauza mali ya mtu mwingine ili ichukue kile inachodai, na sheria hiyohiyo imepanga fedha za mauzo ziende wapi kwa zamu: kodi na tozo zinazodaiwa juu ya ardhi yenyewe, rehani iliyotangulia kama ipo, gharama halali za kuuza, deni la benki iliyouza, kisha rehani zilizofuata nyuma kama zipo. Kinachobaki baada ya hapo ni cha mwenye nyumba. Benki haikupi kwa huruma. Ni fedha ya mwenye nyumba iliyobaki mikononi mwa benki.

Tuchukue namba zako. Mnada milioni 85. Deni kwenye notisi 46,200,000. Lakini kumbuka riba haikusimama siku mlipopokea notisi. Sheria inataka mkopaji apewe siku 60 kabla benki haijachukua hatua, halafu yakaja matangazo ya mnada, na wakati wote huo riba ilikuwa inatembea. Tuseme, kwa mfano tu, iliongeza milioni 3 na laki moja. Dalali, tangazo la gazeti, mthamini na wakili wa benki tuwape milioni 5 na laki nne. Kodi ya pango la ardhi iliyolala, laki sita na arobaini. Jumla ya makato inakuwa 55,340,000. Ukitoa kwenye 85,000,000 inabaki 29,660,000. Nusu anayoitaka kijana wako ni 14,830,000. Kwa kazi ipi? Kwa kuandika barua.

Namba hizo za makato ni za kwangu, za kukuonyesha njia ya hesabu. Za kweli ziko benki, na ndizo tutakazoziomba. Ila kuna jambo moja linaloweza kuzibadilisha kabisa, na ni vema ulijue mapema usije ukavunjika moyo: bei uliyoisikia ng'ambo ya barabara inaweza isiwe bei iliyolipwa. Kwa kawaida mshindi wa mnada hutakiwa kutoa asilimia 25 papo hapo nyundo ikigonga na kumalizia ndani ya siku 14. Wapo wanaotaja bei kwa mbwembwe halafu wanashindwa kumalizia, mnada unarudiwa, nyumba inakwenda kwa bei ya chini. Kwa hiyo usiende benki ukisema "nilisikia milioni 85." Nenda na ushahidi. Ushahidi huo unapatikana hapahapa Dodoma kwenye ofisi ya Msajili wa Hati, kwa sababu mnunuzi hawezi kuhamishiwa hati bila kuwasilisha nyaraka za uhamisho zenye bei aliyonunulia. Omba upekuzi wa kumbukumbu za kiwanja chenu. Unahitaji namba ya kiwanja na kitalu, na hizo zipo hata kwenye risiti ya zamani ya kodi ya ardhi. Kama karatasi zenu ni za enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja hapa, namba ni zilezile. Mamlaka ile ilivunjwa 2017 na kumbukumbu zake zikahamia halmashauri.

Hilo la CDA linanikumbusha kwa nini maswali kama lako yamekuwa mengi mezani kwangu. Mikopo mingi ya zamani mjini hapa ilipimwa kwa bei ya ardhi ya wakati ule, Dodoma ikiwa bado mji wa watu kupita. Serikali ikahamia, mji ukawa Jiji mwaka 2018, na viwanja vya Nkuhungu, Ilazo na Nzuguni vikapanda bei huku deni likibaki deni. Nyumba inapouzwa leo kwa mkopo wa jana, uwezekano wa kubaki kitu ni mkubwa kuliko zamani. Na wapo walioligundua hilo kabla ya wenye nyumba.

Inakuwaje hela ya mtu inalala miaka? Nikueleze niliyoyaona. Mwalimu mstaafu mmoja alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo. Nyumba yake iliuzwa na benki moja hapa mjini, naye akarudi kijijini Bahi kulima mtama. Alikuja kwa shida nyingine kabisa, mgogoro wa mpaka wa shamba. Nilipokuwa napitia karatasi zake nikaona notisi ya mnada na nikamuuliza, mwalimu, walikupa mchanganuo wa mauzo? Akaniangalia kama nimemuuliza habari za mbinguni. Tuliandika barua moja. Benki ilijibu kwamba shilingi milioni 11 na ushee zilikuwa zimewekwa kwenye akaunti ya kusubiria kwa miaka mitatu, kwa sababu akaunti ya mkopo ilishafungwa na simu yake haikupatikana. Laini aliyoiandikisha wakati anakopa alishaipoteza, akasajili nyingine. Hakuna aliyemwibia. Lakini pia hakuna aliyepanda basi kumtafuta Bahi. Mzee alikaa kimya pale kwenye kiti, akakunja bahasha yake, akafungua tena.

Sasa turudi kwa kijana. Aliposema benki hawatazungumza nawe, hapo hakudanganya, na ndiyo maana ni hatari: anakupa ukweli mmoja ili umeze mengine. Benki hawatazungumza nawe kwa sababu mkopo na nyumba vilikuwa kwa jina la mume wako, na benki inabanwa na usiri wa mteja hata akiwa marehemu. Wala hawatazungumza na yeye, na "mtu wa ndani" hawezi kulibadilisha hilo. Anayeweza kuzungumza kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Kinachokukosesha wewe sauti pale dirishani ni karatasi moja, na karatasi hiyo haitolewi na madalali.

Katika barua yako hujataja mirathi, kwa hiyo nachukulia haikufunguliwa. Wengi hawaifungui wakiamini hakuna kilichobaki cha kurithi. Anza hapo. Kaeni kikao cha familia, watoto wote wa marehemu washirikishwe, hata wale aliowapata nje ya ndoa kama wapo, maana mtoto aliyefichwa ndiye huleta pingamizi baadaye. Andikeni muhtasari wa kikao mkipendekeza msimamizi, ambaye anaweza kuwa wewe, na kila aliyehudhuria asaini. Chukua cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Kama hamkukifuatilia wakati wa msiba, mtendaji wa kijiji atakuelekeza pa kuanzia. Kisha nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu, ujaze Fomu Namba 1. Mahakama hubandika tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipojitokeza mtu unateuliwa kwa Fomu Namba 4. Hiyo ndiyo karatasi. (Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu. Kama marehemu aliacha wosia au aliishi kwa namna isiyofuata mila, waulize karani pale masijala kabla hujalipia kitu.)

Na hapa ndipo mkataba wa nusu kwa nusu unapoanguka wenyewe. Fedha hiyo ni sehemu ya mirathi. Wewe una haki yako ndani yake kama mke na kama mtu uliyechangia kuijenga nyumba ile, watoto nao wana haki yao. Msimamizi anaikusanya, anaorodhesha na kupeleka hesabu mahakamani ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Ukisaini leo kwamba nusu ni ya fulani, unaahidi fedha ambayo bado huna mamlaka nayo na ambayo nyingine ni ya watoto. Watoto wakija kukuuliza, kijana hutamwona. Angalia pia kama kati ya hizo karatasi zake kuna hati ya kumpa mamlaka ya kukuwakilisha na kupokea malipo kwenye akaunti yake. Mara nyingi ipo, ukurasa wa mwisho, na huyo ndiye nyoka mwenyewe. Tena mtu asiye wakili haruhusiwi kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Mjini tunawaita vishoka. Akisema ni wakili, muulize jina kamili na uombe mtu akuangalizie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ni suala la dakika moja.

Kuhusu Marekani, ni kweli kazi hiyo ipo kule, kwa sababu mfumo wao ni mwingine. Katika majimbo mengi ziada ya mnada hukabidhiwa mahakama au ofisi ya kaunti, jina la mwenye nyumba likawekwa hadharani, na watu hujitafutia riziki kwa kuwatafuta wenye majina. Majimbo kadhaa yamewawekea kikomo cha malipo baada ya kuona wazee wananyonywa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya bibi mmoja wa Minnesota, Geraldine Tyler, aliyekuwa na umri wa miaka 94. Nyumba yake iliuzwa kwa dola 40,000 kwa deni la kodi la kama dola 15,000, na kaunti ikabaki na chenji yote. Majaji wote tisa walisema kaunti haikuwa na haki ya kukaa na kilichozidi deni. Kwa hiyo hata huko hoja ni ileile ya kwetu: anayedai achukue anachodai. Kijana wako amekuletea biashara ya kule bila kukuletea vikomo vya kule.

Ukishapata Fomu Namba 4, andika barua kwa meneja wa tawi lililotoa mkopo. Isiwe ndefu. Mimi ningeandika hivi: "Mimi ni msimamizi wa mirathi ya marehemu (jina), aliyekuwa na mkopo katika tawi lako kwa dhamana ya nyumba iliyopo kiwanja namba (fulani), Nkuhungu, iliyouzwa kwa mnada Agosti 2022. Naomba nipatiwe taarifa ya akaunti ya mkopo tangu mwanzo hadi kufungwa kwake, bei halisi iliyolipwa na mnunuzi na tarehe ya malipo, mchanganuo wa gharama zote zilizokatwa pamoja na risiti zake, na maelezo ya kiasi kilichobaki na mahali kilipo. Kama kipo, naomba kilipwe kwenye akaunti ya mirathi." Ambatisha nakala ya uteuzi wako, cheti cha kifo, kitambulisho chako cha NIDA na nakala ya notisi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri huo hujapeleka barua.

Mchanganuo ukija, ukae nao. Tafuta adhabu za kuchelewa zilizoendelea kuhesabiwa hata baada ya siku ya mnada, tangazo lililotozwa mara mbili, gharama za "ufuatiliaji" zisizo na risiti. Utakuta pengine kodi ya ongezeko la mtaji inayotozwa ardhi ikiuzwa. Hiyo ni halali, lakini lazima iwe na uthibitisho wa malipo ya TRA. Utakuta pengine pia marehemu alikuwa na deni jingine benki hiyohiyo, au alimdhamini rafiki. Hilo huwaumiza wajane wengi kwa sababu hawakuwahi kuambiwa. Likitajwa, usibishane kwa mdomo. Omba mkataba wake, uangaliwe kama nyumba ile iliwekwa dhamana ya deni hilo pia.

Hilo la milioni 120 ni jambo tofauti na chenji, usiyachanganye. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka anayeuza nyumba ya rehani atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana kwa wakati ule. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei za mali zinazofanana nayo, sheria inachukulia kwanza kwamba muuzaji alikiuka wajibu huo, na yeye ndiye wa kujieleza. Robo ya 120 ni 30, inabaki 90. Nyumba yenu ilikwenda kwa 85. Kwa hesabu ya majirani, mmeingia kwenye kifungu. Lakini majirani si wathamini, na pengine wanakutajia bei ya leo, wakati inayotakiwa ni ya Agosti 2022. Kabla hujatumia hela yoyote kwenye njia hiyo, omba kwenye ileile barua ripoti ya uthamini iliyotumika kabla ya mnada. Ikiwa mthamini wa benki mwenyewe aliandika thamani ya soko ya milioni 115 au 120, una jambo la kumpelekea wakili. Ikiwa aliandika 95, achana nalo, shughulika na chenji. Na wala usimfuate aliyenunua. Sheria inamlinda mnunuzi wa mnada aliyenunua kwa nia njema, na kesi za kumtoa mtu ndani ya nyumba nimeziona zikimaliza hata ile fedha iliyokuwa imepatikana.

Benki ikikaa kimya, au ikijibu kwa mdomo tu, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye dawati lake la malalamiko ya wateja, kisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina ofisi hapa Dodoma na hupokea malalamiko ya watu dhidi ya mabenki. Hiyo haina gharama. Mahakama iwe ya mwisho, ila usiiache ikakupita: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na kwa mnada wa Agosti 2022 sitaki nikukute bado unahangaika na fomu 2028 ikiingia. Wakili wa bure unaweza kumpata chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ya Chamwino wakuonyeshe msajili msaidizi na wasaidizi wa kisheria walio karibu na Mvumi.

Wasomaji wawili wengine wameniuliza mambo ya jirani na haya, niwajibu kwa kifupi hapahapa. Aliyefiwa na mkopaji kabla ya mnada, aulize kwanza habari ya bima ya mkopo. Mikopo mingi ya benki hukatiwa bima ya maisha ya mkopaji, na kama ilikuwepo, deni lilipaswa kulipwa na bima, nyumba isiguswe. Na yule aliyekopa kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa wa kausha damu, akasainishwa mkataba wa "kuuza" nyumba siku ileile ya kupewa mkopo: usikubali kuambiwa hakuna chenji kwa kuwa uliuza. Mahakama huangalia kilichokuwa kinafanyika, siyo kichwa cha karatasi tu. Nenda na ushahidi wa marejesho uliyokuwa unalipa, maana mtu aliyeuza nyumba halipi marejesho.

Mama, jambo la mwisho ni dogo. Siku utakayopeleka ile barua, iandike namba yako ya simu, na chini yake ya mtoto wako mmoja, na chini yake sanduku la posta la kanisa au shule ya hapo Mvumi. Hakikisha wamezinakili namba zote tatu kwenye jalada, siyo kwenye kikaratasi.